Ufashisti Haukuwa Mbali Nasi

*Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya kukutana, Mpanda*

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani na wa sasa, ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, nanyi vijana mlioketi huko nyuma kwa sababu viti vya mbele tumevichukua sisi wenye miaka arobaini na kitu:

Nilipopelekewa barua ya kuniomba nizungumze leo, niliambiwa mada ichaguliwe kutoka katika muhtasari wa somo la Historia, ili vijana wapate faida na wazee wasisinzie. Nimechagua kuinuka kwa tawala za kidikteta za Kifashisti baina ya Vita Kuu ya Kwanza na ya Pili. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Mnakumbuka sababu saba. Sisi tulikuwa tukizikariri usiku kwa mwanga wa kibatari, mmoja akitaja namba na mwingine akimalizia: ya kwanza, Mkataba wa Versailles, ya pili, mdororo wa uchumi, na kadhalika mpaka saba. Katika mtihani nikaziandika zote saba, nikapata maksi zangu, nikatoka chumbani bila kuelewa hata moja. Leo nimekuja kulipa deni hilo, ingawa nimechelewa zaidi ya miaka ishirini.

Sitazitaja zote saba. Nitaanza na neno lenyewe. Ufashisti umetokana na neno la Kiitaliano *fascio*, yaani fungu au tita, kama tita la kuni ambalo mama zetu hubeba kichwani. Warumi wa kale walikuwa na tita la fimbo lililofungwa pamoja na shoka, na lilibebwa mbele ya mkubwa wa dola ili kila mtu aone kwamba huyu ana mamlaka ya kupiga na ya kuua. Benito Mussolini akalichukua tita lile likawa alama ya chama chake. Maana yake ni kwamba watu wote ni fimbo zilizofungwa pamoja, na kamba ameishika mtu mmoja.

Sasa vijana, jambo la kwanza ambalo sikulielewa nilipokuwa na umri wenu ni hili. Nilidhani madikteta wale waliuvunja mlango. La hasha. Walifunguliwa. Italia ilitoka vitani mwaka 1918 ikiwa upande wa washindi, lakini ikiwa na madeni, askari wasio na kazi, migomo viwandani na wakulima waliodai ardhi. Wenye mashamba makubwa katika bonde la mto Po wakaogopa. Wakawatumia vijana wa Mussolini, wale waliovaa mashati meusi, wawapige viongozi wa wakulima na kuchoma ofisi za vyama vyao. Polisi mara nyingi walitazama pembeni. Mwezi Oktoba 1922 Wafashisti wakatangaza kwamba wanaandamana kuelekea Roma. Serikali ilitaka kutangaza hali ya hatari, jeshi liwazuie. Mfalme Victor Emmanuel wa Tatu akakataa kutia sahihi. Na Mussolini mwenyewe, shujaa wa maandamano, alikuja Roma kwa treni kutoka Milan, usiku, amelala. Akakabidhiwa Uwaziri Mkuu. Ilikuwa baadaye tu, alipokwisha kukaa kitini, ndipo mbunge Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni kueleza wizi wa kura na mapigo, alipotekwa na kuuawa mwezi Juni 1924. Baada ya hapo vyama vingine vikapigwa marufuku, magazeti yakafungwa, basi.

Ujerumani nayo ni vivyo hivyo, ila kwa hesabu kubwa zaidi. Mwaka 1928 chama cha Hitler kilipata chini ya kura 3 katika kila 100. Kilikuwa chama cha kuchekwa. Ulipokuja mdororo wa uchumi ulioanza Marekani mwaka 1929, viwanda vikafungwa, na kufika majira ya baridi ya 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Kura za Hitler zikapanda hadi kama 37 katika 100 mwezi Julai 1932. Mnaiona hesabu hiyo? Haifiki nusu. Na mwezi Novemba mwaka ule ule zilikuwa zimekwisha kushuka hadi 33. Mtu huyu hakupata kamwe nusu ya kura katika uchaguzi ulio huru. Alikaribishwa na wakubwa, Rais Hindenburg na washauri wake, tarehe 30 Januari 1933, wakidhani watamtumia kisha wamtupe. Mwezi uliofuata jengo la bunge likaungua, haki za raia zikasimamishwa usiku mmoja, na tarehe 23 Machi bunge lenyewe likapiga kura kumpa Hitler uwezo wa kutunga sheria bila bunge. Wabunge 94 wa chama cha Sosho Demokrasi walikataa. Wakomunisti hawakuweza hata kuingia ukumbini, kwani walikuwa jela au mafichoni. Waliobaki wote walikubali.

Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ni karatasi: kupokea, kuandika, kupiga mhuri, kupeleka mbele. Kwa hiyo mtanisamehe kama jambo lililonikosesha usingizi nilipokuwa nikisoma habari hizi si vifaru wala ndege za vita, bali ni sheria moja ya tarehe 7 Aprili 1933 iliyoitwa sheria ya kurudisha utumishi wa umma katika hali yake njema. Jina zuri, sivyo? Yaliyomo ni kwamba mtumishi aliye Myahudi, au aliyekuwa na siasa isiyotakiwa, aondolewe kazini. Ili kujulikana nani ni nani, fomu zikagawiwa. Kila mtumishi aeleze baba yake ni nani, mama yake ni nani, na babu na bibi zake wote wanne. Bibi mmoja tu akiwa Myahudi, umekwisha. Hakuna bunduki iliyotumika hapo. Palitumika fomu, kalamu na makarani. Mwezi Agosti 1934 watumishi wote na askari wote wakatakiwa kula kiapo kipya, na hawakuapa kwa katiba wala kwa nchi, waliapa kwa jina la mtu, Adolf Hitler. Wengi sana waliapa. Watoto wao walihitaji kula.

Sasa nataka turudi kwetu, kwa sababu mada hii hufundishwa kana kwamba ilitokea mwezini.

Ndugu zetu wa Karema na Ikola wanaijua meli ya Liemba kuliko mimi. Wazee wetu wamesafiri nayo, wamepakia dagaa na mahindi, na wako waliozaliwa ndani yake. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa masanduku mpaka Kigoma, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wakati wa kukimbia. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na ikaanza tena kazi mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Lakini jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Na huyo Götzen ni nani? Ni gavana aliyetawala hapa wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, ambaye askari wake walichoma mashamba na maghala ili watu wafe njaa. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000. Hitler wakati huo alikuwa bado kijana mdogo.

Katika utawala huo huo, mwaka 1906, ndoa baina ya Wazungu na Waafrika zilipigwa marufuku katika koloni hili. Mtu wa Bagamoyo aitwaye Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwandishi wa habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa mwaka 1903, alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Akaoa mwanamke wa Kijerumani. Alipotaka kurudi nyumbani na mkewe mwaka 1905, alizuiwa asishuke naye. Ikambidi arudi Ujerumani, na huko akafa mwaka 1927. Kwa hiyo wale Wanazi walipotunga sheria za damu huko Nuremberg mwezi Septemba 1935, hawakuwa wakibuni kitu kipya kabisa. Wengine wao walikuwa wanafunzi wa zamani wa makoloni, kama sisi tulivyo wanafunzi wa zamani wa shule hii. Franz von Epp, aliyekuja kuongoza umoja wa Kinazi wa kudai makoloni, alikuwa amepigana dhidi ya Waherero huko Afrika ya Kusini Magharibi. Baba yake Göring alikuwa mwakilishi mkuu wa kwanza wa Ujerumani katika nchi hiyo hiyo.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliinyang'anya Ujerumani makoloni, na nchi yetu ikawekwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Ushirika wa Mataifa. Walowezi wa Kijerumani wakafukuzwa. Lakini mwaka 1925 wakaruhusiwa kurudi, nao wakarudi kwa wingi: Oldeani, Usambara, Iringa, Mufindi, Mbeya. Ilipokaribia Vita ya Pili walikuwa karibu elfu tatu, wenye kampuni yao ya biashara, Usagara, iliyosaidiwa fedha na serikali ya kwao, na wenye shule zao. Hitler alipotwaa madaraka, chama chake kikafungua matawi humu humu Tanganyika, chini ya idara ya chama ya Wajerumani wa ng'ambo iliyoongozwa na Ernst Wilhelm Bohle. Bohle huyo, kwa taarifa yenu, alizaliwa Uingereza na kukulia Cape Town. Bendera yenye msalaba uliopinda ilipepea katika nchi hii, na Mjerumani aliyekataa kujiunga alitengwa na wenziwe, kahawa yake na biashara yake vikapata shida.

Wakati huo huo huko Ulaya wakubwa walikuwa wakizungumza kutugawa. Ujerumani ilidai irudishiwe makoloni yake. Serikali ya Chamberlain ilitafuta njia ya kumtuliza Hitler, na mwezi Machi 1938 balozi wake Berlin alimpelekea wazo la kuipa Ujerumani sehemu ya utawala katika Afrika ya kati. Hitler hakuonyesha haraka. Alisema anaweza kungoja miaka. Walowezi wa Kiingereza wa Kenya na Tanganyika wakaunda umoja wa kupinga nchi hii isirudishwe, si kwa ajili yetu, ila kwa ajili ya mashamba yao. Katika mazungumzo yote hayo hapakuwa na mtu aliyemwuliza Mwafrika. Erica Fiah, mwenye duka kutoka Uganda aliyekaa Dar es Salaam, alikuwa ameanzisha gazeti la *Kwetu* mwezi Novemba 1937, na jina hilo tu la gazeti lilikuwa jibu tosha.

Habari za Uhabeshi mnazijua, nitapita haraka. Mussolini aliivamia tarehe 3 Oktoba 1935, akamwaga gesi ya sumu juu ya watu, akaingia Addis Ababa mwezi Mei 1936. Haile Selassie alikwenda Geneva mwezi Juni kuulalamikia Ushirika wa Mataifa, na waandishi wa Kiitaliano wakampigia miluzi. Mataifa yaliweka vikwazo, lakini mafuta hayakuhusishwa, na meli za Italia ziliendelea kupita Mfereji wa Suez. Vita ilipozuka, vijana wa Tanganyika waliandikwa Keya wakapelekwa huko huko Uhabeshi, na mfalme akarudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili baada ya mji kutekwa. Wengine wakaendelea mpaka Madagaska na Burma. Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wa hao wa Burma. Tukimwuliza alikwenda kumpiga nani alijibu, “Hitila.” Tukimwambia Burma walikuwa Wajapani, alikasirika. Leo naona jibu lake halikuwa baya sana.

Basi, ndugu zangu, nije kwa mtu ambaye hasa ndiye aliyenifanya nikubali kusimama hapa.

Alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani mwenye asili ya Sudani. Vita ya Kwanza ilipoanza, mtoto huyu alikuwa na miaka kumi. Alichukuliwa pamoja na baba yake katika jeshi la Lettow-Vorbeck, akafunzwa kazi ya ishara za kijeshi. Vijana wa Kidato cha Kwanza, mtazameni mwenzenu aliyeketi pembeni: mtoto kama huyo, au mdogo zaidi. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza.

Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda kudai. Alikuwa na jambo moja la haki kabisa: mshahara wake na wa baba yake wa wakati wa vita haujalipwa. Akaenda Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani kuuomba. Akajibiwa kwamba muda wa kudai umekwisha kupita. Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, maana nalijua. Nimewahi kuliandika mwenyewe kwa watu wengine.

Hakurudi. Akajiita Bayume Mohamed Husen. Akapata kazi ya kuhudumia mezani katika jumba kubwa la starehe lililoitwa Haus Vaterland, na akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, pale pale alipofundisha Mtoro kabla yake. Wanafunzi wake walikuwa maofisa na wafanyabiashara waliotaka kuja huku Ujerumani itakaporudishiwa makoloni. Tarehe 27 Januari 1933 akamwoa Maria Schwandner. Hesabuni: siku tatu kabla ya Hitler kuwa Kansela.

Hapa ndipo habari yake inapokuwa ngumu kwangu, na sitaki kuwafanyia urahisi. Husen hakuwa mpinzani wa Wanazi. Alijihesabu kuwa askari wa Ujerumani. Alivaa sare ya askari wa zamani na kwenda katika mikutano ya kudai makoloni, yaani mikutano ya kudai kwamba sisi, watu wake, turudishwe chini ya bendera ile. Mwaka 1934 aliomba nishani ya heshima waliyopewa waliopigana mstari wa mbele. Walimnyima, nishani ile haikuwa kwa mtu mweusi. Akanunua moja mwenyewe akaivaa. Alicheza katika sinema, nyingi zikiwa za kuusifu ukoloni. Mwaka 1939, vita ilipoanza, alijitolea aingie jeshini. Wakamkataa pia.

Nilipokuwa kijana wa chuo kikuu ningemwita kibaraka, na ningepigiwa makofi. Sasa nina umri aliokuwa nao alipokufa, au nimempita kidogo, na siwezi tena kusema neno hilo upesi. Alikuwa mtu aliyetumika tangu utotoni, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kushika ila utumishi wake. Aliamini kwamba karatasi zake zikiwa sawa na heshima yake ikionekana, siku moja watamwandika miongoni mwao.

Wao walikuwa wakimfuta. Watu wa makoloni ya zamani waliokuwa Ujerumani walinyang'anywa pasi walizokuwa nazo, wakapewa hati za watu wasio raia, na Husen alikuwa mmojawapo. Alipoteza kazi ya Haus Vaterland. Amri ya mwezi Novemba 1935 ilieleza kwamba sheria za Nuremberg haziwahusu Wayahudi peke yao, zinawahusu pia watu weusi na Wasinti na Waroma. Mwaka 1937 mamia ya watoto waliozaliwa na mama wa Kijerumani na askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa, kando ya mto Rhine, walifungwa uzazi kwa siri. Waafrika waliobaki hawakuruhusiwa kazi nyingi, ila walizungushwa miji kwa mji katika maonyesho ya kuwaonyesha “maisha ya Afrika”. Husen naye alipitia humo.

Sinema yake kubwa ya mwisho ilihusu Carl Peters. Mnamkumbuka: yule aliyekusanya mikataba ya hila Usagara na Uzigua, ambaye hapa kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Serikali ya Kaisari yenyewe ilimfukuza kazini mwaka 1897 kwa sababu ya kunyonga watu Kilimanjaro. Serikali ya Hitler ikamsafisha, ikamtengenezea sinema iliyoonyeshwa mwaka 1941. Na ndani ya sinema hiyo, mtumishi mwaminifu wa Peters anachezwa na mtoto wa Dar es Salaam, Husen.

Mwaka huo huo wa 1941 alishikwa. Kosa lake lilikuwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, akakaa humo zaidi ya miaka mitatu, akafa tarehe 24 Novemba 1944. Kambi hiyo ilikuwa na daftari. Kila kifo kiliandikwa. Kuna karani aliyekaa akachovya kalamu akaliandika jina lake.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimebakiza jambo moja, na hilo si la Ulaya.

Wanafunzi wenzangu wa mwaka wetu mnakumbuka kwamba darasani tulikuwa na wenzetu kutoka Katumba. Wazazi wao walikimbia Burundi mwaka 1972, wakati serikali ya kijeshi ya Micombero ilipoua watu kwa maelfu mengi. Sitauita utawala ule wa Kifashisti. Sipendi neno hili litumike kama fimbo ya kumpiga kila mkatili, kwa maana tukifanya hivyo halitabaki na maana yoyote. Lakini mzee mmoja wa Katumba aliwahi kunisimulia jinsi majina yalivyosomwa mbele ya madarasa ya shule za sekondari kutoka katika karatasi, na wavulana waliotajwa wakatoka nje na vitabu vyao, hawakuonekana tena. Wengine walikimbia wakafika wilaya hii. Serikali ikawapa pori, wakalifyeka, na msimu haukuchelewa kabla mahindi yao hayajauzwa sokoni Mpanda. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walianza kupewa vyeti vya uraia wa Tanzania, baada ya kungoja zaidi ya miaka arobaini.

Kabla ya mwaka huo, nikiwa bado mtumishi mchanga katika ofisi ambayo sitaitaja, alinijia mmoja wa wanafunzi wenzangu wale. Tulilala bweni moja, tulikula ugali katika sinia moja. Alitaka barua ya utambulisho kwa ajili ya mdogo wake aliyepata nafasi ya chuo. Mwisho wa kuipeleka ilikuwa Ijumaa. Nikatazama fomu. Mahali pa uraia palikuwa na kistari. Nikamwambia kuna maelekezo, naomba urudi kesho. Hapakuwa na maelekezo yoyote. Hakuna mkubwa aliyenikataza. Niliogopa tu sahihi yangu isije ikaulizwa. Akarudi kesho yake kwa baiskeli, nikamwambia mkubwa hayupo. Akarudi mara ya tatu Ijumaa, nami nilimwona dirishani, nikatokea mlango wa nyuma.

Mdogo wake hakwenda chuo mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Mwenzangu huyo yumo humu ukumbini. Nilimfuata wiki iliyopita nikamwomba ruhusa ya kulisema jambo hili mbele yenu, maana nilikwisha kumwomba radhi peke yetu na niliona haitoshi. Alinyamaza kidogo, akasema, “Sema, lakini usitaje jina langu. Taja lako.” Langu limechapwa katika ratiba mliyonayo mkononi.

Mwaka 2007, mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße huko Berlin, ambako Husen alipata kukaa, iliwekwa katika njia ya waendao kwa miguu bamba dogo la shaba, kila upande sentimita kumi. Juu yake pana jina lake, tarehe zake na jina la kambi. Nimeleta picha yake, nikaibandika katika karatasi ngumu, na Ndugu Mkuu wa Shule amekubali iwekwe maktaba pamoja na nakala ya mazungumzo haya. Vijana wenye maswali wanikute baada ya chai. Nitakuwa chini ya ule mwembe wa karibu na jiko, kama bado ungalipo.